Udi Huku, Jenereta Kule: Kumuaga Mama Yuditha Semboja

Tarehe 31 Julai mwaka huu Mama Yuditha Semboja atafunga koki ya jenereta yetu kwa mara ya mwisho, afute mikono, na awe mstaafu. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika kampuni yetu ya Karamu Njema, wakodishaji wa maturubai, viti, muziki na umeme wa shughuli, hapa Korogwe mjini. Katika miaka yote hiyo hakuna harusi, ubarikio, maulidi wala mkutano wa kijiji uliowahi kuungua mikononi mwake. Ipo harusi moja iliyolowa, na hiyo nitaifikia.

Wasifu huu ulitakiwa uandikwe na Bosi Muhsin. Akaandika nusu ukurasa. Tulipousoma tukaona umefanana na tangazo la ng'ombe aliyepotea: jina, umri, mahali alipotoka, mara ya mwisho kuonekana. Ndipo kalamu ikaletwa kwangu mimi, Mbwana Mhina, dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo cha kampuni, na mjomba wa kila mtu kuanzia Segera mpaka Handeni. Shule mimi niliiacha darasa la sita, yenyewe ikawa inanitafuta la saba. Lakini kusimulia hakuna mwalimu aliyenifundisha, kwa hiyo hakuna aliyeniharibu. Mambo ya Mama Yuditha niliyaona kwa macho haya mawili. Ambayo sikuyaona niliyasikia, na ambayo sikuyasikia ni yale tu yaliyotokea nikiwa nakula.

Mama Yuditha alizaliwa milimani, upande wa Bumbuli, kule ambako baridi huwapa watu pua ndefu ili hewa ipate moto njiani kabla haijafika kifuani. Hilo nalisema kama mtani. Sisi Wazigua na wao Wasambaa ni ndugu wa karibu, tunatukanana bila kuomba ruhusa. Aliteremka Korogwe kwa ajili ya ndoa, akaona joto, akalaani, akabaki. Kwetu aliajiriwa jikoni kuosha masufuria yale makubwa ya pilau, ambayo ili uyaoshe lazima uingie nusu mwili. Kwa hiyo kwa miezi ya mwanzo tulimjua kwa miguu tu.

Pua tuiseme mapema tuimalize, maana wageni watakaokuja kwenye hafla ya kumuaga watashangaa. Ile si pua ya kupumulia peke yake. Siku moja tulikuwa Segera njia panda tunanunua machungwa, akainua kichwa, akasema kuna gari linavuja petroli. Tukainama chini ya kila gari, kavu. Tukamcheka. Tulipomaliza kumenya machungwa likaingia gari dogo kutoka upande wa Kabuku, dereva akaruka chini, akalala mgongoni kukagua tenki, na chini yake kuna kidimbwi. Wapo wanaosema gari lile lilikuwa limeshafika kabla hajasema. Hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeshika machungwa.

Jinsi alivyotoka kwenye masufuria akaingia kwenye mashine ni habari ya nyusi za Peter. Peter ndiye aliyekuwa fundi wetu wa jenereta wakati huo, mtu mwema, mcheshi, mwenye nyusi nene kama viwavi wawili waliokutana njiani wakagoma kupishana. Tulikuwa kwenye ubarikio kule Mombo. Mama Yuditha akatoa kichwa kwenye sufuria, akamwambia mashine inavuja. Peter akamjibu kwamba yeye na aoshe masufuria, mashine ina mwenyewe. Akamwambia tena. Basi Peter, ili amwonyeshe mwanamke yule kwamba hakuna kitu, akainama chini ya tenki na kuwasha kibiriti ili aone vizuri.

Akaona vizuri. Tuliona wote, hata waliokuwa barabara kuu.

Mungu alimpenda Peter siku ile kuliko alivyostahili. Moto ulipiga mara moja, *vuu*, ukamlamba uso, na kabla haujapata wazo la pili Mama Yuditha alikuwa ameshaufunika kwa gunia bichi na mchanga. Mimi nilikuwa nimekwenda kuita watu, na niliwaita kwa bidii mpaka nikafika Mombo stendi. Nyusi za Peter zilirudi baadaye, lakini upande mmoja zilirudi zikiangalia juu, ndiyo maana mpaka leo ukiongea naye anaonekana kama mtu anayepewa habari za kushangaza. Bosi Muhsin alimpeleka Peter kwenye maturubai, kitambaa hakihitaji kibiriti, na ufunguo wa jenereta akampa yule aliyebaki amesimama.

Tangu hapo tukaanza kuishi kwa sheria. Nisiwadanganye, ndugu zangu, tulimchukia kidogo. Mashine haikuongezwa mafuta ikiwa inafanya kazi, hata kama anayecheza ni bwana harusi mwenyewe. Kauli yake ilikuwa moja tu: kuku hanyonyolewi akiwa anakimbia. Kule Handeni aliwahi kuzima muziki bwana harusi akiwa ameinua mguu mmoja, watu wamepanga mstari wa kumtunza. Mguu ukabaki hewani. Mshereheshaji akaja mbio anamfokea kwamba anaua shughuli. Mama Yuditha, ameketi kwenye kiti cha plastiki anasubiri bomba la moshi lipoe, akamwambia: “Shughuli ikifa jioni, kesho inafufuka. Wewe ukifa kuna kesho?” Mshereheshaji akarudi jukwaani, akawaambia watu wapige makofi. Tenki lenyewe hakulijaza mpaka mdomoni, aliacha nafasi, akisema mafuta yakipata joto yanatanuka kama tumbo la Mbwana. Dumu la petroli halikukaa kwangu mbele, lilikaa nyuma, limefungwa kamba, peke yake kama mwali. Na moshi wa mashine lazima uelekee porini, kamwe usielekee dirishani, kwa sababu ule unamlaza mtu bila kumwimbia.

Halafu kulikuwa na ile chaki. Pembe ya khanga yake ilikuwa na fundo daima, na watu walidhani ni ugoro. Ilikuwa chaki ya shule, nyeupe. Kazi yake mtaiona sasa hivi, kwa sababu nimefika Kerenge, kwenye ile harusi iliyolowa, na wasifu wa Mama Yuditha bila Kerenge ni samaki bila samaki, miiba tu.

Ilikuwa harusi ya Shamsia, binti wa nyumba inayoheshimika kule. Mambo yote ya wanawake yalikuwa chini ya shangazi yake, Bi Chausiku. Kama hujawahi kumwona Bi Chausiku, chukua jenerali wa jeshi, umvalishe gauni la hariri rangi ya maziwa, umpe na sauti ya kuitia mbuzi ng'ambo ya mto. Gauni lile lilishonwa kwa ajili ya siku hiyo, na kila aliyefika mlangoni aliambiwa hivyo kabla ya kuambiwa karibu.

Mama Yuditha aliiweka mashine mahali pake, uwanjani, mbali na nyumba, moshi ukielekea kwenye mihogo. Kaswida zikaanza, spika zikaitika, mambo yakawa mazuri. Sasa, kwetu, mtu aliyekuja kufanya kazi kwenye shughuli akiitwa kula hakatai. Ukikataa umesema chakula chao unakitilia shaka. Kwa hiyo tulipoitwa tukaenda, mimi na yeye, tukawekwa chumba cha pembeni na sinia letu. Mgongoni kwetu kikaanza kimvua.

Na hapo wema ukaanza kututafuta roho. Wajomba wa bibi harusi waliona mashine yetu inanyeshewa, wakaingiwa na huruma. Mali ya watu, wakasema, isiharibikie kwetu. Wakaja wanaume wanne, wakainyanyua ikiwa inanguruma vilevile, kama jeneza linalokataa kufa. Wawili walikuwa warefu na wawili wafupi, basi ikaenda imelala upande, inakunywa mafuta kwa pua. Wakaitua upenuni, imegusa kabisa mlango wa nyuma wa chumba cha bibi harusi. Wakajipangusa, wakapongezana.

Mpira wa mafuta, ule unaotoka kwenye koki ya tenki kwenda kwenye kabureta, ulikuwa umeanza uzee. Kwa kulazwa vile ukachomoka nusu. Petroli ikaanza kudondoka. Aliyeiona wa kwanza alikuwa mgeni mwalikwa, jina lake Kaleb, fundi wa pikipiki, na akafanya kile ambacho kila fundi wa pikipiki kuanzia Korogwe mpaka Handeni angefanya. Aliomba kipande cha sabuni ya mche bafuni, akakikanda, akakipachika pale kwenye koki, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikang'aa. Matone yakakatika. Watu wakamletea soda.

Jamani, sabuni inaweza kukufikisha nyumbani na pikipiki yako ikiwa tenki limepata ufa, na hata hapo unaisukuma, huiwashi. Lakini kwenye mashine inayotetemeka na yenye moto, sabuni haizibi, inaficha. Petroli ilitafuta njia nyuma ya sabuni, ikateremka kimyakimya na chuma cha fremu mpaka chini, ambako hakuna aliyetazama. Na chini pale palikuwa na mteremko mdogo wa kuelekea mlangoni.

Harufu ikaingia ndani. Wanawake wakaanza kukunja nyuso. Bi Chausiku akasema mwanawe hawezi kukabidhiwa kwa mume huku ananuka kituo cha mafuta, kiletwe chetezo. Udi wake alikuwa ameutengeneza mwenyewe, na makaa aliyapuliza mwenyewe mpaka yakawa mekundu kama macho ya mlevi. Kila mtu wa huku anajua bibi harusi anavyofukizwa: chetezo kinawekwa chini, yeye anasimama juu yake, gauni linatandazwa pande zote moshi ushike nguo. Na kwa vile harufu mbaya ilizidi karibu na mlango wa nyuma, Bi Chausiku akaamua kuizungukia huko huko nje, aanze na upenuni, aifukuze kwenye shina lake, kisha aingie kwa mlango ule ule kumfukiza mtoto.

Mimi nilikuwa sahani ya tatu. Mama Yuditha alikuwa tonge la kwanza. Akalifikisha mdomoni, likasimama. Akaniuliza nani ameweka petroli kwenye pilau. Nikamwambia ni iliki hiyo, milimani kwenu hamna? Hakucheka. Akageuza pua kwenye dirisha, na palepale dirishani akapita Bi Chausiku, chetezo mikononi, makaa yanacheka, nyuma yake wanawake na vigelegele, wanaelekea upenuni.

Nimeendesha gari barabara ya Handeni tangu ikiwa vumbi, nimeona digidigi, nimeona mabasi yanashindana, lakini kitu kilichotoka kwenye chumba kile sijakiona tena. Mama Yuditha si mwembamba. Aliliruka sinia, akaniruka mimi, na mlangoni akapita na ndoo nzima ya sharubati ya ukwaju iliyotengwa kwa ajili ya wakwe. Alimwahi Bi Chausiku kwenye kona ya nyumba, hatua chache kabla ya mashine. Hakupiga kelele. Alimshika kiwiko, akamgeuza kama unavyogeuza kirikuu kwenye daraja jembamba, akamrudisha mpaka uwanjani, upande upepo unakotoka. Hapo ndipo alipomwaga ndoo. Yote.

Chetezo kililia *chaaa*. Ukwaju mwingine ulikwenda kwenye makaa, na mwingi ulikwenda kwenye gauni la rangi ya maziwa.

Hakungoja kusikia maoni. Alikimbilia mashine, akaizima, spika zikafa katikati ya kaswida. Akafunga koki. Akaamuru bibi harusi na wote waliomo chumbani watoke kwa mlango wa mbele, taratibu, mtu asiwashe kitu, asizime kitu, na wenye sigara wakazivutie Korogwe. Akatupa udongo mkavu kwenye kila palipolowa. Ilipofika hapo ndipo Bi Chausiku akapata sauti yake.

Mengine siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya kampuni. Yanayoandikika ni haya: “Mmemzimia mwanangu nyota! Mwanamke wa milimani huyu, baridi yake ya huko ameileta kwenye ndoa ya mtoto wangu!” Maana kina mama wa huku wanaamini makaa ya udi yakizimwa mbele ya bibi harusi, na ndoa itapoa vilevile. Niliona vikongwe wakivuta khanga kichwani kama waliopata msiba. Bi Chausiku akatoa sharti: mwanamke huyu afukuzwe kazi leo, mbele ya macho yake, la sivyo nyumba zote kuanzia Kerenge mpaka Segera zitajua kwamba Karamu Njema inamwagia watu ukwaju.

Bosi Muhsin alifika na bodaboda, amelowa. Na msidhani lile lilikuwa tishio dogo. Harusi za ukoo ule ndizo zilizokuwa ugali wetu, nyingine zilikuwa mboga. Alimvuta Mama Yuditha pembeni, karibu na kirikuu, kwa hiyo nilisikia yote bila kusogea. Akamsihi aseme tu alishtuka, aombe radhi, yaishe. Mama Yuditha, ukwaju unamchuruzika kiwikoni, akamjibu: “Samahani ya gauni nitaomba, na nitaiomba vizuri. Samahani ya moto siiombi.” Bosi akamwambia kwa huzuni kwamba Bi Chausiku asipolegea, basi kesho asije. Akajibu sawa, lakini ufunguo hatoi kwa mashine mbovu. Aimalize kwanza.

Wakati huo Mama Yuditha alikuwa na watoto wawili sekondari na mume aliyevunjika mguu. Nayasema haya ili mjue alikuwa anaweka nini mezani alipokataa neno moja dogo.

Akasubiri mashine ipoe kabisa. Watu wanamtukana, yeye anapapasa bomba la moshi kwa mgongo wa kiganja, bado, bado, tayari. Tukaibeba wima, siyo kama wale wajomba, tukaipeleka uwanjani. Akachomoa kofia ya plagi ili mashine isije ikapata wazo lake yenyewe. Akang'oa sabuni ya Kaleb, akampa mkononi, na Kaleb akaishika kama mtu aliyepewa panya. Akafuta kila mahali kwa kitambaa mpaka kukawa kukavu. Ndipo akafungua fundo la khanga, akasaga chaki, akapaka vumbi lake kwenye koki, kwenye mpira, kwenye kikombe cha chini cha kabureta, na chini ya mashine akatandaza gazeti kavu. Akafungua koki kidogo, mashine imezimwa, akachuchumaa kutazama. Petroli haisemi uongo kwenye chaki. Inapotoka, weupe unageuka kijivu palepale, na unajua ni hapa, siyo pale inapodondokea. Matone hudondoka popote yanapopenda. Shina lake huwa juu. Ikaonekana: chini ya klipu mpira ulikuwa na ufa, mgumu kama fimbo ya mchungaji.

Ni hapo, Mama Yuditha amechuchumaa na chaki mkononi, Bi Chausiku alipotokea nyuma ya nyumba. Alikuwa ameingia chumbani kuhamisha vitu vya bibi harusi. Mkononi ameshika mkeka, ule aliokuwa amekalia Shamsia tangu asubuhi akipakwa hina, miguu yake ikielekea mlango wa nyuma. Nusu ya mkeka ilikuwa imelowa. Nyuma yake anakuja Shamsia mwenyewe, ameinua pindo la gauni lake kwa vidole viwili, na pindo limelowa pia, pande zote.

Bi Chausiku hakuuliza kwa sauti ya jenerali. Aliuliza kwa sauti ya mtu: “Na huu?”

Mama Yuditha hakuhitaji kunusa. Akafunga koki kwanza, kisha akasema mkeka uanikwe mbali, usirudi ndani, na mtoto avue nguo ile, aoge, abadilishe kabla moto wowote haujasogea karibu naye. Harufu ya petroli haipandi kama moshi, akasema, inatambaa chini kama nyoka, inaweza kuufuata moto hata ukiwa upande wa pili wa chumba.

Bi Chausiku akautazama mkeka. Akakitazama chetezo chake kilicholala uwanjani, kimejaa ukwaju. Nadhani alikuwa anamwona Shamsia amesimama juu yake, gauni limetandazwa. Akakaa chini. Chini kabisa, kwenye tope, na gauni lile la hariri. Watu wa Kerenge wanasema ndiyo siku pekee waliyowahi kumwona Bi Chausiku amekaa chini kuliko mtu mwingine.

Mama Yuditha akaendelea na kazi. Akakata mpira mpya kutoka kwenye mfuko wake, akausukuma mpaka mwisho, akaukaza kwa klipu mbili, siyo waya, siyo kipande cha khanga. Akapaka chaki upya, gazeti jipya, koki wazi, akangoja. Kukakaa kukavu. Akanusa. Alipoinuka, Bosi Muhsin alikuwa amesimama pale, mkono umenyooshwa nusu, hajui kama anadai ufunguo au anampa pole. Bi Chausiku ndiye aliyemwokoa. Akamwambia Bosi, bado amekaa chini: “Huyu mwendawazimu wako ukimfukuza, namchukua mimi.” Halafu akakumbuka yeye ni nani, akaongeza: “Lakini gauni langu sisamehi.”

Samahani ya gauni ikaombwa, na iliombwa vizuri kama alivyoahidi. Kisha Bi Chausiku akaagiza birika la maji, na akamnawisha Mama Yuditha mikono kwa mkono wake mwenyewe, yeye shangazi wa bibi harusi, mbele ya wakwe. Sabuni iliyotumika ilikuwa ile ile ya Kaleb. Hatimaye ikapata kazi iliyoumbiwa.

Udi wa pili uliwashwa mbele ya nyumba, bibi harusi amevaa nguo kavu. Mashine iliwashwa kule kwenye mihogo, imerudi mahali pake. Kaswida ikaanzia pale ilipokatikia. Tangu siku hiyo, ukienda kwenye shughuli yoyote upande wa Kerenge, kabla viti havijapangwa utamsikia mtu anaelekeza: udi huku, jenereta kule. Wengine hawajui hata neno hilo limetoka wapi. Limetoka kwenye pua ya Mama Yuditha, na mimi nilikuwepo. Ndoa ya Shamsia haikupoa. Ina watoto wanne, na wa mwisho ana kelele kuliko jenereta.

Kaleb alikuja Korogwe wiki iliyofuata kuomba radhi, akatukanwa, akarudi kesho yake akatukanwa tena, mpaka ikawa ajira. Ndiye atakayepokea ufunguo. Mama Yuditha alipoulizwa kwa nini mtu wa sabuni, alisema aliyewahi kuziba bila kutafuta ndiye atakayetafuta kabla ya kuziba. Kipande cha mche kimening'inizwa kwenye mlango wa stoo mpaka leo ili asisahau, na sisi tunamwita Sabuni ili naye asitusahau.

Sasa anarudi Bumbuli, yeye na mume wake na ule mguu uliopona vibaya, akalime viazi mahali ambapo umeme ukikatika watu hulala tu. Tumemwuliza anataka nini kwenye hafla yake. Wengine huomba godoro, wengine baiskeli. Yeye ameuliza swali moja: jenereta itakaa wapi? Tumemwonyesha mahali. Ameisogeza.

Mgeni wa heshima siku hiyo ni Bi Chausiku, amethibitisha kwa simu, na kwa sauti ile sikuhitaji kuweka simu sikioni. Atakuja na chetezo chake, kile kile, amfukize Mama Yuditha kama binti anayekwenda kwa mume. Kwa hiyo ndugu wageni, msishangae muziki utakapokatika katikati. Mama Yuditha ataizima mashine kwa mkono wake na kufunga koki, na tutakaa kimya wote, hata mimi, mpaka udi upite na makaa yatolewe nje na kuzimwa kwa maji. Ukwaju utakuwepo, lakini ni wa kunywa. Baada ya hapo Kaleb atapokea ufunguo, atafungua koki, na ole wake.

Na msimsemeshe Bi Chausiku kuhusu nguo atakayokuja nayo. Ni gauni la hariri rangi ya maziwa, na mbele, kuanzia kifuani mpaka magotini, lina doa kubwa la kahawia. Miaka yote hii hajaligawa wala hajalikata matambara. Ameniambia amelipiga pasi.

Mama Yuditha, asante kwa kila shughuli iliyokwisha watu wakarudi makwao na nyusi zao. Nenda kwenye baridi yako, ulale bila kusikiliza mashine, na pua yako isinuse tena kitu kibaya kuliko kabichi. Uishi vema, uishi sana, na ukisikia tumeungua, ujue hakukuwa na chaki.

Kwa niaba ya Bosi Muhsin, Peter na nyusi zake, Kaleb Sabuni na wote wa Karamu Njema,

Mbwana Mhina
Dereva, na mjomba wenu
Korogwe